Maji Yasiyo na Sauti

Mwaka juzi, mwezi wa Mei, kwa asubuhi 11 mfululizo nilivunja kwa sururu kazi ya mwenzangu. Yeye anajenga usiku, mimi nabomoa mchana. Nilianza kumwita mwenzangu asubuhi ya 4, na dereva wetu, kijana wa Bukavu, akanishangaa. "Mzee, ile ni panya tu ya maji," akaniambia. Nikamjibu kwamba panya hapangi mawe.

Nafanya kazi ya barabara katika mji mdogo karibu na Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Wakati wa theluji tunamwaga chumvi, wakati wa joto tunaziba mashimo, na theluji inapoyeyuka tunazibua makalavati. Kalavati ninalolisema lipo chini ya barabara ya changarawe inayopita ukingoni mwa bwawa. Likizibwa, maji hupanda barabara, na mwaka ule mara mbili basi la watoto wa shule lilirudi lilikotoka.

Anayeliziba ni biva. Kiswahili hakikumpa jina lake chenyewe kwa kuwa kwetu hakuwahi kuishi. Msomaji amchukue panya buku, amnenepeshe mpaka afike kilo 20 au 25, ampe mkia bapa wenye magamba, mpana kama mwiko wa kusongea ugali, na meno ya mbele yenye rangi ya chungwa kwa sababu ya chuma kilichomo ndani yake. Samaki hali. Chakula chake ni magome ya miti, majani na mizizi ya mayungiyungi. Nchi kavu ni mzito na windo rahisi. Usalama wake wote ni maji. Kwa hiyo hukizuia kijito mpaka kiwe bwawa, kisha katikati ya bwawa hujenga nyumba ya vijiti na tope ambayo mlango wake uko chini ya maji. Baridi inapokuja juu hugeuka barafu, naye huishi chini yake, akila matawi aliyoyalimbikiza kwenye sakafu ya bwawa tangu majani yalipoanza kupukutika. Kina kikipungua, mlango unakuwa wazi na ghala linaganda. Biva hajengi kwa tamaa ya eneo. Anajenga kina.

Nieleze nilichokuwa nakivunja, maana ukikitazama kwa haraka utadhani ni takataka za mafuriko. Chini kabisa kuna mawe, mengine makubwa kama nazi iliyofuliwa. Juu yake vijiti vimemenywa magome vikawa vyeupe kama muhogo, kila ncha imekatwa mshazari na alama za meno mawili zimebaki kwenye mti. Vimepishanishwa, kisha kati yake pakashindiliwa tope, majani yaliyooza na mizizi. Upande unaotazama bwawa tope limelainishwa kama ukuta wa udongo uliokandikwa jana. Asubuhi ya 6 niliona juu ya tope lile alama ya kiganja: vidole vitano, vidogo kama vya mtoto mchanga, na mikwaruzo ya kucha. Niliweka sururu chini. Kazi sikuiacha, nalipwa kuifanya, lakini nilikaa kidogo kabla ya kulipiga tope lile.

Jioni moja nilirudi peke yangu. Mwezi wa Juni huku jua huzama kama saa mbili na nusu usiku, na mimi nilitaka Magharibi inikute pale. Nilitawadha kwa maji ya bwawa. Nilipokuwa naosha mikono lilinijia wazo ambalo halijanitoka mpaka leo: maji haya, lau si mnyama huyu, yangekuwa yamekwisha kufika baharini. Natia udhu kwa maji aliyonizuilia biva. Na si mimi tu. Kulikuwa na vyura wanalia kila upande, bata na vifaranga wao, na juu ya miti iliyofia majini korongo walikuwa wamejenga viota. Hakuna aliyealikwa, wote wamekuja kwa sababu maji yametulia.

Baada ya sala biva alitoka. Kwanza niliona mkunjo wa maji ukija bila upepo, kisha kichwa. Akapiga mbizi pale karibu na kalavati, ambako asubuhi ile nilikuwa nimefungua njia na maji yanakimbia kwa kelele. Akaibuka amekumbatia tope kifuani, amelibana kwa mikono miwili na kidevu, akapanda kwa miguu ya nyuma kama mama aliyebeba mtoto na mzigo wake, akalibandika pale pale penye mlio. Akarudi kuchota jingine. Nilihesabu safari 9, kisha giza likanizuia.

Kwamba anafuata sauti, hilo limechunguzwa. Miaka ya 1960 mtafiti wa Sweden, Lars Wilsson, aliwalea biva na kuwasikilizisha kwa kipaza sauti mlio wa maji yanayokimbia. Wakarundika vijiti na tope mahali palipotoka sauti, ingawa hapakuwa na maji yanayokwenda. Wako wanaolitaja jambo hili ili kuonyesha kwamba biva hana akili, ni mashine tu. Mimi nimezaa watoto watano. Najua mama anavyoamka usiku kabla hajajua kwamba ameamka, mtoto akianza kulia. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba kwa hiyo mama hana akili.

Upande wa juu wa bwawa anakaa jirani, mzee wa ukoo wa Quebec, kama walivyo wengi wa Lewiston ambao babu zao walikuja kufanya kazi viwanda vya nguo. Maji yalikuwa yameingia kwenye shamba lake la majani ya ng'ombe na kwenye chumba cha chini ya nyumba yake. Pampu ilikuwa inanguruma usiku kucha na mkewe ni mgonjwa. Sitaki mtu yeyote asome haya akadhani kwamba mzee yule ni mbaya. Alitaka biva watiwe mitego, basi, kama baba yake alivyofanya. Ndiye aliyenieleza kwamba katika karne ya 17 Kanisa huko Quebec liliruhusu nyama ya biva iliwe wakati wa Kwaresima, akihesabiwa kundi la samaki kwa kuwa makao yake ni majini. Nami nikamweleza kwamba wetu pia walimtumia: Ibn Sina katika Qanun yake anaitaja jundi badastar, dawa itokayo kwenye tezi za mnyama huyu zilizo karibu na mkia. Watu wa kale walizidhani tezi hizo ni korodani, wakasimulia kwamba biva akifukuzwa huzing'ata mwenyewe na kumtupia mwindaji ili aachwe hai. Baadaye ikaja zamu ya kofia. Ulaya ilizipenda kofia za manyoya ya biva kiasi kwamba kufika mwaka 1900 walibaki Ulaya na Asia kama 1,200 tu, na hapa kaskazini-mashariki ya Marekani mabonde mengi yakawa hayana hata mmoja. Nyama, dawa, kofia. Kila umma umemwita kwa jina la haja yake.

Kwa hiyo biva wa kalavati letu hakuvamia. Amerudi kwao, akaikuta barabara. Lakini na mzee naye yuko kwao, na chumba chake kimejaa maji. Nilikuwa nikilala na swali hili: kiumbe akifanya alichoumbiwa, na kitendo kile kikamdhuru jirani yake, dhara hiyo ni ya nani? Hatuwezi kumtwika biva dhambi, kalamu haikumwandikia. Fiqhi yetu ina kanuni kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara, na nilipoitazama vizuri nikaona kwamba baina ya pande tatu za bwawa lile, anayeweza kuitii ni mmoja tu. Wengine ni maji na mnyama.

Ofisi ilituletea mtaalamu, akatufundisha njia nyingine. Asili yake iko hapa hapa Maine. Miaka ya 1990 Skip Lisle alikuwa mtaalamu wa wanyamapori wa taifa la Wapenobscot, wenyeji wa mto unaoitwa kwa jina lao, na barabara zao zilikuwa zikifurika kwa sababu ya biva. Hao Wapenobscot wenyewe wana kisa cha chura mkubwa aliyeyazuia maji yote peke yake mpaka Gluskabe akaja kumuua na mto ukafunguka. Mtu aliyefundishwa chuoni kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto hahitaji kisa hicho kifafanuliwe. Lisle alibuni uzio wa chuma unaotoka kwenye mdomo wa kalavati ukipanuka kwenda bwawani. Biva akianza kuuziba, kila kijiti kinamsogeza mbali na tundu lenyewe, na uzio ni mrefu mno kuzibika wote. Pamoja na uzio hulazwa bomba la plastiki, mita 12 hivi, linalopenya ukuta wa biva. Mdomo wake wa ndani unazamishwa penye kina ndani ya kizimba cha nyavu nene, kipana kama mita 2. Maji yanaingia kutoka pande zote za kizimba polepole, hayana mkondo wa kuhisika, hayana mlio. Biva anazunguka bwawa lake usiku, anasikiliza, hasikii kitu. Na kimo cha bomba pale linapovuka ukuta ndicho kinachoamua maji yafike wapi: yakizidi yanatoka, yakifika pale yanasimama.

Niliupenda mpango ule mpaka nilipoambiwa jina Lisle aliloupa uzio wake. Kwa Kiswahili ni Mdanganya Biva.

Labda mwingine angelipita. Mimi sikuweza. Nilimwendea Maalim wetu, mzee kutoka Barawa, ambaye Kiswahili chake cha kwao kina maneno niliyoyasikia kwa bibi yangu tu. Nilimkuta anafunga darsa ya watoto.

"Maalim," nikamwambia, "nimetumwa kumdanganya kiumbe asiyeweza kunishtaki."

"Asiyeweza kukushtaki leo," akasema. "Kaa kitako."

Akanisimulia kisa kinachosimuliwa juu ya Imamu Bukhari. Alisafiri mwendo mrefu kwenda kwa mtu mmoja ili apokee kwake hadithi ya Mtume. Alipofika akamkuta mtu yule anamwita mnyama wake aliyetoroka, amekunja upindo wa kanzu kama aliyebeba shayiri. Mnyama akaja, akashikwa. Imamu akauliza, je, mlikuwa na shayiri humo? Hamkuwa na kitu. Akageuza safari yake bila kupokea neno hata moja, kwa kuwa anayemdanganya mnyama hawezi kuaminiwa katika maneno ya Mtume.

"Basi nisiliweke bomba?"

"Mimi sikusema hivyo, bwana. Yule angekuwa na shayiri kanzuni, Imamu angeipokea hadithi yake. Wewe nenda, kisha uje uniambie: ndani ya kanzu yako kuna nini?"

Mwaka ule wa kwanza ndani ya kanzu hamkuwa na kitu, na nasema hili kwa huzuni. Mkubwa wetu wa kazi alitaka shughuli imalizike. Mtaalamu alikuwa ametuonya kwamba tusishushe maji zaidi ya sentimita 30 kwa mpigo, lakini alipoondoka bomba liliwekwa chini sana, maji yakashuka 60. Barabara ikakauka, tukapongezana. Siku ya 5 nilikwenda kutazama nyumba ya biva. Ukanda wa tope jeusi ulikuwa umeizunguka, na mlango, ambao hakuna jicho linalopaswa kuuona, ulikuwa wazi juani kama kinywa cha mgonjwa. Nyayo za mbweha zilikuwa zimefika mpaka pale. Niliingia na buti za maji, kina mbele ya mlango kilinifika gotini. Barafu ya bwawa huku mwezi wa Januari inaweza kufika unene huo. Wangekuwa wamefungiwa ndani ya jiwe.

Biva hawakungoja Januari. Kabla wiki haijaisha walikwisha jenga ukuta mwingine, hatua 40 chini ya ule wa kwanza, juu ya mdomo wa kutokea wa bomba letu. Maji yakarudi barabarani. Dereva alisema wametushinda. Mimi sikuona ushindi, niliona watu walioahidiwa kitu wakanyimwa.

Usiku ule nilimkumbuka baba. Pemba, bondeni kwetu upande wa Wete, jaluba la baba lilikuwa juu na la jirani lilikuwa chini, na mvua za masika zilipochelewa, kila mmoja aliamka usiku kulikata tuta la mwenziwe. Waligombana mpaka wakawa hawaitikiani salamu. Wazee wakawakalisha. Likachukuliwa gogo la mnazi, likatobolewa utumbo wote, likalazwa katikati ya tuta kwa kimo ambacho pande mbili zilikikubali mbele ya watu: maji mpaka hapa ya juu, yakizidi ya chini. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kuzibua majani yaliyokwama kwenye gogo lile. Baba na jirani hawakupata kuaminiana kwa maneno, lakini wote wawili waliliamini gogo, na Idi iliyofuata walileteana sahani za tambi.

Bomba letu ni gogo lile lile. Tofauti ni kwamba bondeni kila upande ulikuwa na mdomo. Wakati wa kukadiria kimo cha bomba, walikaa mezani mkubwa wa kazi na mzee mwenye pampu, na biva hakuwa na wa kumsemea. Ndugu wa Safa, wale wanafikra wa Basra wa karne ya 10, waliandika kisa kirefu ambamo wanyama wanawashtaki binadamu mbele ya mfalme wa majinni, na kila mnyama anasimama kueleza aliyotendewa. Mwishoni binadamu hawapewi ushindi kwa nguvu wala kwa ufundi wao. Wanaupata kwa ajili ya wacha Mungu waliomo kati yao na ya akhera waliyoahidiwa. Kila nikikumbuka hukumu ile naiona ni nzito kuliko kushindwa. Na Izzuddin bin Abdussalam, mwanazuoni wa karne ya 13, alipohesabu haki za mnyama juu ya mwenye kumfuga alisema alishwe hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida. Biva hana mfugaji. Lakini tangu siku tuliyoshika mkononi kina cha maji yake, sioni kwa njia gani nitasema kwamba haki ile hainigusi.

Nilimwomba mkubwa wa kazi ruhusa ya kuliinua bomba. Nilimpeleka mpaka kwenye ukuta mpya, nikamwonyesha kwamba kumnyima biva ndiko kulikoturudishia mafuriko. Akakubali, na namshukuru. Kwa idhini ya afisa wa wanyamapori tuliuondoa ukuta wa chini, tukaliinua bomba mpaka maji yakawa sentimita 25 tu chini ya yale ya mwanzo. Chumba cha mzee kikakauka. Kipande cha shamba lake kimebaki tope, naye amekiacha. Anasema mkewe anapenda kuwaangalia korongo kutoka dirishani. Biva walirudi kwenye ukuta wao wa kwanza. Waliongeza tope juu ya bomba, wakalifunika vizuri kama lao.

Nikarudi kwa Maalim. Nilimwambia kwamba sauti tumewaficha, maji hatukuwaficha. Biva akilala akidhani kwamba kina chake kipo, ni kweli kipo. Hajui yanayozidi yanakwenda wapi, lakini hakujenga maisha yake juu ya yale yanayozidi. Maalim alinyamaza, kisha akasema, "Na ukiwa hupo?"

Hilo sina jibu lake kamili. Nyavu zinashika majani, bomba linaweza kukanyagwa na barafu, mkubwa mwingine wa kazi anaweza kuja akataka pakavu zaidi. Kila masika wale watoto waliofika miaka 2 huondoka nyumbani kutafuta kijito chao, na huko waendako kuna makalavati mengine na mitego. Uongo wetu hauko pale tulipolificha bomba. Utaanza siku tutakayoacha kulitazama. Kwa hiyo nimechonga fimbo ya mti wa maple, nimeitia alama kila sentimita 10 kwa kisu, na ninayo daftari. Kila mwezi napima mbele ya nyumba yao, naandika tarehe na kina, na nakala inakaa ofisini ambapo hata asiyenijua ataiona.

Januari iliyopita nilivuka barafu kwa miguu, imeshika vizuri. Nilitoboa tundu hatua 4 kutoka nyumbani kwao, nikatumbukiza fimbo: chini ya barafu mlikuwa na sentimita 112 za maji. Niliandika kwa kalamu ya risasi kwa kuwa wino huganda. Juu ya nyumba, pale penye tundu la hewa, theluji ilikuwa imeyeyuka duara dogo na mvuke unatoka. Nikapiga magoti, nikavua kofia, nikatega sikio. Ndani kulikuwa na mtu anaguguna kijiti, polepole, na sauti nyembamba ya mdogo wake ikimlilia ampe.